Jina Nililolipaza Siku ya Michezo ya Kaisari

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Jina langu siliandiki, maana wanaomtafuta aliyefanya jambo hili ni watu ninaokula nao sahani moja.

Mnaukumbuka mwaka ule Ifakara ilipopewa michezo ya sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, majivu ya maghala hata hayajapoa. Akida akatangaza kwamba watakuja watu wa Mahenge, Kiberege na Ubena, na askari wa boma pia: mbio, mieleka, kuvuta kamba, na mwisho mashindano ya mitumbwi. Ifakara isitie aibu, akasema. Nami nikalibeba neno hilo kama mjinga!

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa amejificha kwenye matete huko Namawala. Alikunywa ile dawa ya maji, akapigana Mahenge. Askari hawakuujua uso wake. Walilijua jina lake la sifa tu, Mamba Hasinzii, kwa kuwa wenzake walilipaza kila aliposonga mbele. Walikuwa wakiliulizia kijiji kwa kijiji.

Bonde zima halikuwa na mtu wa kumshinda kusukuma mtumbwi kwa upondo. Nikaenda kumbembeleza. Dada alikataa katakata. Nikamwambia mumewe ajiite jina lolote, ashinde, arudi na zawadi ya chumvi na mtama, maana watoto walikuwa wanakula mizizi. Akanitazama sana.

"Shemeji," akasema, "nakwenda kwa sababu ni wewe umeniita."

Siku yenyewe aliwaacha wote nyuma! Vigelegele vikapigwa, moyo ukanipanda. Kwetu Wandamba mshindi hakanyagi nchi kavu kabla mtu wa nyumbani hajamwita jina lake la sifa. Nimelelewa hivyo, mdomo ukatangulia akili. Nikiwa katikati ya umati nikalipaza: "Mamba Hasinzii!"

Vigelegele vikakatika. Askari wakaanza kushuka mtoni. Shemeji hakugeuka kunitazama, na nadhani alifanya makusudi, wasije wakafuata macho yake. Walimfunga kwa kamba ileile iliyovutwa asubuhi, wakampeleka Mahenge, wakamnyonga.

Nilimwambia dada kwamba aliyeita ni mpagazi fulani Mbena. Ole wangu! Wadogo wa marehemu wakamkamata Mbena mmoja asiye na hatia, wakampiga hadi akapoteza jicho. Nilikuwepo, nikanyamaza. Baadaye waligundua kwamba siye, na hadi leo wanatafuta. Kila wakikohoa nje ya mlango wangu, nadhani wamekwisha kujua.

Sasa mwana wa dada amekua, anajifunza upondo. Juzi dada alinipakulia wali, akasema, "Kaka, siku akivuka mto peke yake, wewe ndiye utakayemwita jina la sifa la baba yake. Sina mwingine."

Nikaitikia, nikalirudisha tonge sahanini.

Jamani, mtu akitoka mafichoni kwa ajili yenu, fungeni midomo, hata furaha iwajae vipi. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Mimi nimechelewa. Mto umeanza kupungua, na mtoto atavuka wakati wowote. Baba zake wadogo watakuwa ukingoni, kama walivyokuwa siku ile walipoisikia sauti wasimwone mwenyewe, na sauti ninayo hii moja tu.