Nusura heshima yetu imwachishe Baba dawa ya kurudisha fahamu

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita, ila hili limenikaa kooni. Nitalisema lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu. Nilichobadilisha ni jina tu.

Baba yangu ni fundi wa matairi ya malori, kibanda chake kiko barabarani pale Mikumi. Nyumbani ni Kilosa, Magomeni. Mwaka jana akiwa anajaza upepo tairi la lori, ile pete ya chuma inayobana ringi ikafyatuka, ikampiga kichwani.

Alipasuliwa hospitali ya rufaa, akakaa ICU, baadaye akatolewa mashine. Akawa anapumua mwenyewe na macho anafungua.

Lakini hayupo.

Hali hii sikuwa naijua kabisa. Nilidhani mtu ama yuko koma ama ameamka. Kumbe kuna katikati. Macho wazi, anapiga miayo, analala na kuamka, ila ukimwita hakuangalii. Mama kila siku alikuwa ananiambia "leo ameniona". Nakaa palepale alipokaa yeye, naona Baba anaangalia ukuta tu.

Tuliruhusiwa na mpira wa kulishia puani, pamoja na dawa inaitwa amantadine.

Daktari alitueleza vizuri. Ni dawa ya zamani, wanapewa wagonjwa wa kutetemeka, lakini imejaribiwa kwa watu walioumia ubongo na baadhi yao fahamu inarudi haraka zaidi. Akasisitiza hilo neno baadhi. Inaweza kumnyima usingizi au kumletea degedege, kwa hiyo tumpe asubuhi na mchana tu, na tukiona degedege tumwahishe hospitali hapohapo.

Tujaribu wiki nne. Kila siku tumpe amri fupi, tusubiri, tuandike kwenye daftari alichofanya. Siku ya kliniki kama hakuna kitu, dawa inasimamishwa.

Wakuu, sikutulia hata siku moja. Mimi nashona nguo hapo hapo nyumbani, basi kila dakika tano nanyanyuka kwenda kumchungulia. Gauni la mteja nikalishonea mikono kinyume, wa kushoto kulia. Alipolijaribu alinitazama tu, akanionea huruma.

Daftari likajaa neno moja. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Mdogo wangu Salum naye akaja na mambo ya mtandaoni, eti kuna dawa ya usingizi ambayo wagonjwa wengine wa aina hii wakipewa ndiyo wanaamka. Nilimuona mwehu. Nikampigia daktari, akasema ni kweli imewahi kutokea, kwa wachache mno, na mara nyingi ni kwa saa chache tu kisha mtu anarudi alipokuwa. Akatuonya tusithubutu kununua wenyewe. Salum akaninunia siku mbili kana kwamba mimi ndiye nimekataza.

Wiki ya nne Baba akaanza kuhangaika kitandani. Anapapasa shuka, anageuza kichwa huku na huku. Mama akasema dawa inamtesa.

"Mwanangu, tumwambie daktari basi. Mwache mwenzangu apumzike."

Nikakubali. Nasema wazi, nilikubali.

Zimebaki siku mbili kwenda kliniki, akafika Bibi, mama yake Baba, kutoka Mamboya. Ni Mkaguru wa milimani, mfupi, sauti kubwa. Alinikuta niko kwenye zoezi la asubuhi. Naomba niandike nilivyokuwa nalifanya, msicheke.

"Baba, shikamoo. Baba, samahani kwa kukusumbua. Yule daktari wetu ametuomba, kama utaweza lakini, naomba unyanyue mkono kidogo, hata kidogo tu, Baba."

Nasubiri. Naandika hakuna.

Na mimi ndiye nilikuwa afadhali. Mama alikuwa anaanza na salamu za majirani.

Bibi akaniuliza, "Unamwambia nini?"

"Namwambia anyanyue mkono, Bibi."

"Hujamwambia. Umemwomba msamaha."

Akanisogeza, akakaa kitandani, akapiga godoro kofi. Akasema kwa Kikaguru, maneno mawili tu. Nipe mkono.

Akasubiri.

Mkono wa kulia wa Baba ukatoka kwenye shuka. Taratibu sana, unatetemeka, ukaenda upande wa Bibi, ukaanguka. Bibi akarudia yaleyale. Mkono ukatoka tena.

Mama alitoka nje analia kwa sauti, majirani wakajua ni msiba. Walikuja na kanga zao kabisa.

Mimi nilipatwa na hasira, sijui hata na nani. Nikawaza labda ni Kikaguru. Labda ni sauti ya mama yake. Nikampigia daktari, akaniambia nimsomee neno kwa neno nilichokuwa namwambia Baba kila siku.

Nikamsomea.

Akasema ubongo ulioumia vile unaweza kushika neno moja au mawili. Sentensi yangu ikifika kwenye mkono, mwanzo wake umeshapotea. "Mjaribu wewe sasa hivi. Kwa Kiswahili. Maneno mawili."

Wakuu, kwetu hakuna anayemwamrisha Baba. Nina watoto wawili na sijawahi kumwambia Baba hata "njoo". Nilisimama pale jasho linanitoka, simu sikioni.

"Fumba macho."

Akafumba.

Kliniki tuliendelea na dawa. Daktari hakutudanganya, alisema hawezi kuapa kama ni dawa, ni muda, au vyote viwili. Hilo nimelikubali. Linalonisumbua ni lingine. Sijui ni siku ngapi kati ya zile nilizoandika hakuna Baba alikuwa ananisikia, anajitahidi kunifuata, halafu ananipoteza katikati ya samahani zangu. Naliwaza nikishona, naliwaza nikipika, halinipi raha mpaka leo.

Sasa hivi dawa ameshaachishwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari. Anakula uji kwa mdomo. Mkono wa kushoto bado, kutembea bado. Nimekuwa namwamuru mchana kutwa, nyanyua hiki, shika kile, Mama mpaka anaondoka chumbani kwa kuona haya.

Juzi nikamwambia, "Nyanyua mguu."

Aliniangalia. Mimi, siyo ukuta. Midomo ikahangaika weee.

"Sitaki."

Ndilo neno lake la kwanza tangu ile ajali. Nilikaa chini sakafuni nikalia mpaka Salum akaja mbio.

Nilichojifunza: dawa hizi zina wenyewe, msijinunulie duka la dawa kwa sababu ya uzi wangu. Na mkipewa kazi ya kumpima mgonjwa, ifanyeni kama mlivyoelekezwa, hata kama inawatoa jasho. Mimi niliogopa kumkosea Baba adabu, nikakaribia kumfungia mlango akiwa ndani.

Wenye mgonjwa wa hivi nyumbani, kwenu nani anaweza kumwamrisha? Niambieni mlivyofanya. Na wa kunisema aniseme tu, nasoma zote.