Bangili Zilizogeuka Takataka Nyeupe

Jua limeshapanda juu ya mabati, na nyuma ya nyumba moshi wa rangi ya kutu unatoka kwenye mdomo wa chupa. Fundi saa amesimama upande unakotoka upepo, kitambaa kibichi puani. Ndani ya chupa hereni iliyovunjika inatoa mapovu, na maji yanaanza kuwa ya kibuluu.

"Tindikali! Leo unapika nini?" jirani anamchokoza kwa jina alilompachika, nguo mbichi begani.

"Napika umaskini, shemeji. Nyama ngumu hii, haiivi."

Jirani anacheka. Yeye hacheki.

Kwa miaka ishirini na mitano alitengeneza saa. Simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa, ikawa siku nyingine anafunga kibanda bila hata bei ya mkate. Akasikia kwamba fedha ya mapambo huchanganywa na shaba, na anayejua kuzitenganisha halali njaa. Tindikali ya dukani inataka kibali na pesa nzuri. Akajipikia yake, kwa kusikiasikia.

"Mtaka cha mvunguni huinama," anasema. "Mimi niliinama nikaingiza kichwa chote."

Dada yake mkubwa, mshonaji na mjane, ana mtoto wa jicho. Alikuwa na bangili nne za marehemu mama yao. Wanunuzi walimpa bei ya dharau kwa sababu zina shaba. Mdogo mtu akamwambia: "Dada, nipe nizisafishe. Ukiuza fedha tupu, jicho linatibiwa."

Dada akazivua mkononi, akampa.

Zilipokaa kwenye tindikali, chupa ilijaa kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Akajua huo ndio uchafu. Akachuja, akaumwaga mtaroni, akausukuma kwa ndoo ya maji. Yale maji ya kibuluu akayatunza kama yai. Akatumbukiza waya wa shaba, akangoja fedha iushike waya kama alivyoambiwa. Waya ulitoka kama ulivyoingia.

Akambebea sonara ile chupa. Sonara akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Tindikali yako iliingia chumvi, ndugu yangu. Fedha ikikutana na chumvi, ndiyo inageuka ile takataka nyeupe. Hapa umeniletea maji ya shaba. Fedha umeupa mtaro."

Alirudi mbio. Kingo za mtaro zilikuwa na madoa ya zambarau, maana ile takataka ikipigwa na jua hubadilika rangi. Akapiga magoti kwenye matope, akakwangua kwa kisu cha jikoni. Alichopata hakikujaza kijiko cha chai.

Hilo angelimeza. Lisilomezeka ni maneno ya dada yake.

"Yule nimembeba mgongoni, namjua," anasema dada huyo, akitafuta tundu la sindano kwa ncha ya kidole. "Bangili hazigeuki maziwa ya mgando. Bangili zinauzwa. Angesema tu, 'Dada, nilikuwa na shida, nimeuza.' Ningelia, yangekwisha. Lakini kunifanya mimi mtoto!"

Tangu hapo hawaonani. Salamu zinapita kwa watoto, nazo zinafika zimepoa.

"Aniite mjinga, ni haki yake," anasema fundi. "Mwizi, hapana."

Siku hizi mkono wake umezoea. Sonara amemfundisha kuiepuka chumvi, na hata kuirudisha ile takataka nyeupe iwe fedha tena. Vipande anavyookoteza vinampa hela ya unga, basi.

Lakini ana jambo moja kichwani. Kwenye kopo la vipuri amehifadhi ganda la saa ya mfukoni, la fedha, aliloachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Ndiyo fedha pekee aliyo nayo. Anataka dada yake aje akae kwenye kiti, naye fundi aliyeyushe ganda hilo kwenye tindikali mbele yake, atie chumvi kwa makusudi, kisha amwage.

"Sonara ananiita kichaa, eti niirudishe. Nikiirudisha, dada atasema kiini macho. Acha anione nikipoteza."

Ameshamtumia ujumbe mara tatu. Dada hajaja.

"Jicho lake la kushoto limeshafunga," anasema, akifuta mikono yenye madoa. "La kulia nalo limeanza ukungu. Akikawia, nitamwonyesha nini?"