Kornelia na Sakafu ya Niru

Siku ya tatu tangu ahamie kwa mwanawe, Kornelia aliteleza bafuni akaanguka chali. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa hasira, na hasira hiyo hakuitua mpaka mambo haya yalipokwisha, na pengine hata baada ya hapo.

Alikuwa ameshuka kutoka Kainam, milimani kule Mbulu, baada ya kumzika mumewe, mzee Bura. Mwanawe Nicodemo, fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali uwandani Hanang, alikataa katakata mama yake abaki peke yake na ng'ombe wawili na upepo. Akamleta kwenye nyumba yake ya kazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bati, ina bomba la maji, na bafu lilikuwa humo humo ndani. Miaka ile saruji ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Watu vijijini walisubiri mifuko miwili ya kujengea kaburi la baba mwaka mzima. Lakini shambani ilikuwepo, tena ya kumwaga, na walipoimwaga kwenye mabafu ya wafanyakazi hawakuridhika kuiacha kama saruji. Waliipiga niru. Juu ya sakafu walipaka saruji tupu iliyokorogwa na rangi nyekundu, wakailainisha kwa mwiko mpaka ukiinama unauona uso wako. Na kila Jumamosi wake wa wafanyakazi walitakiwa kuipaka dawa nyekundu ya kung'arishia, waisugue ing'ae zaidi. Ni nani aliyetaka kuuona uso wake kwenye sakafu ya bafu, hakuna aliyeuliza.

Basi mguu wa kwanza ulikwenda mbele na sabuni, wa pili ukaufuata, na Kornelia akashuka. Nicodemo alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Alisikia kishindo, akavunja komeo, akamkuta mama yake chini hana hata kitambaa. Aligeuza uso haraka na kumrushia kanga, lakini alikuwa ameshaona. Nyonga ilipona kwa bahati tu, mkono ndio uliovimba kutoka kiganja hadi kiwiko. Kilichomuuma Kornelia hakikuwa mkono. Mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa amemwona vile, na aibu ile ilimkaa kifuani wiki nzima.

Jioni Nicodemo akatoa uamuzi wake akiwa anatazama dirishani.

"Mama, kuanzia leo Genoveva atakuogesha chumbani, kwenye beseni."

Genoveva, mkewe, aliinamia sufuria kama vile hakusikia.

"Kwani nimekufa?" Kornelia akauliza.

"Hujafa, mama. Ile sakafu inateleza."

"Basi iogesheni hiyo sakafu kwenye beseni. Iliyokosea ni yenyewe."

Wakacheka, lakini beseni lilinunuliwa. Kwa siku nne mwanamke aliyelima, aliyezaa watoto saba, aliyembeba mumewe mgonjwa mgongoni hadi zahanati, alikaa kwenye beseni la bati kama kichanga, mkwewe akimmwagia maji kwa kikombe huku wote wawili wamefumba macho. Hakuna aliyemtukana, na bado alijiona ametukanwa. Siku ya tano akasema hapana, ataoga bafuni mwenyewe au hataoga kabisa, na alivyosema walijua hatanii.

Nicodemo, ambaye hakuwa mtoto mbaya, akaanza kuhangaika. Alileta mfuko wa nailoni uliokuwa wa mbolea akautandika bafuni. Kornelia aliugusa kwa kidole gumba cha mguu, mfuko wote ukaondoka. "Hiki umeniletea ili nife mapema?" akauliza. Genoveva akautoa, akatandika gunia la katani. Gunia lilishika siku mbili. Siku ya tatu lilijikunja chini ya kisigino, siku ya nne likaanza kunuka. Nicodemo akaleta kichanja cha mbao kilichokuja na vipuri vya kombaini, na kwa juma moja kikawa kizuri mno, mpaka mbao zilipoota ule utelezi wa kijani. Hapo ikawa afadhali hata niru.

Kilichomfungua macho Kornelia ni tairi. Alikuwa amempelekea mwanawe uji karakana, akamkuta anabishana na dereva wa trekta.

"Hili kipara, haliendi shambani," Nicodemo alikuwa akisema, anapiga tairi teke. "Kashata zimeisha zote, halina jino hata moja. Likikutana na tope litakugeuza, ufe bure."

Kornelia aliweka chupa ya uji chini. "Kumbe mnajua," akasema.

"Tunajua nini, mama?"

"Kwamba kitu laini kinaua. Trekta mnalihurumia. Mimi mmeniwekea kipara bafuni."

Nicodemo alirudisha macho kwenye tairi, na dereva aliona ni vema akaangalie injini. Kornelia alirudi nyumbani anatembea haraka kuliko siku zote, akafungua furushi alilokuja nalo kutoka Kainam. Ndani, katikati ya kanga, kulikuwa na jiwe jeusi gumu la kuenea kiganjani. Genoveva alikuwa amelicheka siku ile ya kwanza. Shambani kuna mashine ya kusaga, mama, la nini tena jiwe?

Wanawake wa umri wa Kornelia wanalijua jiwe hilo. Jiwe la kusagia likitumika sana linalainika, nafaka inakimbia juu yake na unga hautoki. Hapo huliachi wala hutafuti jingine. Unachukua hilo jiwe gumu na kulidonoa lile la kusagia, tundu moja moja, mpaka lipate tena meno. Kwa mahindi unadonoa kwa kina. Kwa ulezi unadonoa kijuujuu, karibu karibu. Kornelia alifikiri kuhusu nyayo zake, jinsi ngozi ilivyokuwa nyembamba siku hizi. Meno ya mahindi yangemchubua, na uchafu wa sabuni ungelala ndani yake. Akaamua bafu lichongwe la ulezi.

Kwanza aliosha dawa yote nyekundu kwa maji ya moto na majivu. Halafu akakunja gunia, akalipigia magoti, akaanza kudonoa kwa mkono wake mzima. Alianzia mlangoni, pale mguu uliolowa unapotoka, akaenda nyuma kuelekea bombani. Kwenye tundu la maji alichora mifereji midogo ili maji yasisimame. Siku mbili nyumba nzima ilisikia tak, tak, tak. Siku ya pili Genoveva alimletea chai na mto wa kuwekea magoti. Ikaisha. Siku ya tatu Kornelia aliingia, akafunga komeo jipya, akamwaga maji na sabuni kwa makusudi kabisa, akasimama juu yake. Hakuteleza. Alioga polepole, kila mahali, akatoka amejipaka mafuta na amefunga kitambaa kipya kichwani. Alifurahi waziwazi na hakuona haya.

Nyumba ya pili waliishi Perpetua, karani wa ofisi ya shamba, na mama yake Fransiska, mtu wa Dongobesh, rika la Kornelia. Fransiska alikuja kuona. Alivua viatu, akatembea juu ya sakafu ile mara tatu.

"Kesho njoo kwangu," akasema.

Lakini Perpetua aliogopa. Wageni wa serikali na wa nje walikuwa wanakuja baada ya majuma mawili, siku ya Jumatatu, kuona shamba, na Bwana Reginald, ofisa majengo, alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kukagua. "Mama, subiri kidogo wageni waondoke," Perpetua alisema. "Ukiharibu sakafu sasa hivi nitapata barua ya onyo." Fransiska akasubiri. Alikuwa mama mpole, na upole huo ndio uliomponza.

Bwana Reginald alifika kwa Kornelia Ijumaa na daftari lake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, ameletwa kutoka mkoa mwingine, viatu vyake vya soli nene. Aliingia moja kwa moja hadi bafuni bila shikamoo.

"Marahaba," akasema Kornelia.

Reginald aligeuka kutazama nyuma, kuona ni nani aliyesalimia.

"Nani kaharibu hii sakafu?"

"Haijaharibiwa. Nimeichonga."

"Mama, hii ni mali ya serikali."

"Na mimi ni mali ya nani?"

Alidhani ni mzaha, akacheka kidogo na kuandika. Kornelia akamwambia avue viatu vile vyenye meno, aende kwa Fransiska, amwage maji na sabuni, asimame kwa nyayo zake. Dakika moja tu. Reginald akasema yeye hana muda wa michezo. Alhamisi ya juma lililofuata fundi mwashi angekuja kupiga niru mpya, na Jumatatu ya wageni bafu liwe linang'aa kama mengine. Akatoka. Shikamoo hakuitoa hata wakati wa kuondoka.

Jumanne asubuhi Kornelia alikuwa anapeta maharage uani. Alisikia kupitia ukuta sauti moja nzito, kisha kimya, kisha Fransiska akiita jina la binti yake ambaye alikuwa ofisini. Kornelia alifika wa kwanza. Sakafu ilikuwa imepakwa dawa Jumamosi, kama ilivyoamriwa, nyekundu, nzuri. Fransiska alikuwa amelala juu yake, mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Wanaume wanne walimtoa wamembeba juu ya godoro, wakampakia kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka vipuri. Hospitali walisema nyonga imevunjika vibaya na hatatembea tena, wakamfunga bandeji, wakawaambia ndugu zake wamrudishe Dongobesh akapumzike. Eti kupumzika! Mtu aliyekuwa amesimama mwenyewe asubuhi hiyo.

Alhamisi Reginald alikuja kama alivyosema. Nyuma yake alikuwa Gervasi, fundi mwashi, na ndoo na mwiko. Walimkuta Kornelia ameketi sakafuni katikati ya bafu, miguu ameinyoosha mbele, jiwe lake mapajani. Genoveva alisimama mlangoni mikono kifuani, na safari hii hakuinamia sufuria yoyote.

"Shikamoo, mama," akasema Gervasi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kufanya nini?"

Gervasi alimtazama Reginald. Reginald akasema, "Mama, tafadhali tupishe. Wageni wanakuja Jumatatu. Kila sakafu lazima ing'ae."

"Ya Fransiska inang'aa," Kornelia akasema. "Nenda kaikague. Hakuna tena wa kuichafua."

Reginald alifungua daftari, akalifunga. Alisema pole kwa yaliyotokea, kwamba ajali ni ajali, kwamba yeye ametumwa tu. Kornelia alimwacha amalize.

"Nilikuambia Ijumaa. Nilikuambia uvue viatu. Ulikuwa na siku nne za kuvua viatu! Trekta hapa likiwa na tairi kipara linalala karakana, linasubiri tairi kutoka Ulaya. Mama wa mtu mnamsugulia sakafu ing'ae halafu mnasema ajali. Mimi siinuki hapa. Fundi, kama ni lazima, koroga niru yako, nipige na mimi humu humu. Nitang'aa, wageni watafurahi."

Gervasi aliweka ndoo chini.

"Bwana Reginald, mimi nina mama yangu kijijini Hirbadaw," akasema. "Siwezi."

Akauchukua mwiko wake na kuondoka. Ndoo aliiacha pale, saruji ikaganda ndani yake. Reginald akasema wageni wakiona jambo lile Nicodemo atajibu mwenyewe, naye akaenda zake.

Jumatatu wageni walikuja na magari matano. Walitazama ngano, wakashika masuke, wakapanda kombaini kupigwa picha. Nicodemo alikuwepo na kitambaa cha kufutia mikono. Walikula mbuzi, wakasikiliza hotuba, na saa tisa vumbi lao lilikuwa linapotelea njia ya Katesh. Hawakuingia kwenye nyumba ya mfanyakazi hata moja. Hakuna aliyeuliza habari za bafu la mtu. Kornelia alikaa uani siku nzima amevaa gauni la kanisani, akiwasubiri. Alikuwa amepanga maneno ya kuwaambia.

Kesho yake asubuhi alichukua jiwe lake na gunia la kupigia magoti, akabisha kwa Perpetua. Binti alifungua mlango, macho yamevimba. Alimtazama Kornelia, akalitazama jiwe, na kilio kikaanza upya.

"Mama, sasa unamchongea nani? Mwenyewe si hayupo."

Kornelia alimpita, akafungua mlango wa bafu, akashikilia ukuta na kushuka taratibu mpaka magoti yake yakakaa juu ya gunia.

"Nakuchongea wewe," akasema. "Au unadhani hutazeeka? Lete maji ya moto na majivu."