Taa za Mchana za Shemeji

Gereji nzima tunamwita Mzee Waya. Ni fundi umeme mpole, hana hasira za karibu, lakini jana zilimpanda. Shemeji yake aliwahi kugongewa gari lake mchana kweupe, akalia kwamba dereva mwenzake hakumwona. Basi Mzee Waya akatoa siku yake ya kupumzika, akalala chini ya bampa, akaziunganisha taa za ukungu ziwake zenyewe kila gari likiwashwa. Jana shemeji karudi, waya kazikata kwa kisu cha jikoni!

"Nimechoka, shemeji. Kila ninayepishana naye ananiashiria eti nimesahau kuzima taa."

"Kila mtu?"

"Hata waendesha baiskeli!"

Mzee Waya akabamiza koleo mezani. "Mtu mzima ovyo! Wote hao, si wamekuona?"