Ndege wa Fundi Rangi

Saa tatu asubuhi, na Mama Gundi bado hajalowesha brashi.

Mbele yake, juu ya meza iliyotandikwa magazeti, kuna kifuniko cha sanduku la cherehani kilichokwisha kupigwa msasa. Kando yake imelazwa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuachia. Imechorwa ndege mwekundu mwenye mkia mrefu.

"Nimebandika makopo, chupa, sinia, mpaka kigoda cha bafuni," anasema, akifuta viganja kwenye aproni. "Sijawahi kuogopa karatasi namna hii."

Majirani walimpa jina la Mama Gundi kwa sababu vidole vyake haviishi gundi. Kazi yake ni kupamba vyombo vya zamani kwa picha za karatasi. Alianza alipopunguzwa kazi ya usafi kwenye ukumbi wa sherehe, akaondoka na mfuko wa tishu za mezani zenye maua. Alitaka tu kuficha kutu ya kopo lake la sukari, jirani akalitamani. Wiki njema, makopo humpatia unga na sabuni. Wiki mbaya hubaki dirishani yakipigwa jua.

Jumamosi hufundisha wanaoanza, na huwaonya wasikimbilie dukani. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, brashi laini na chombo kisicho na mafuta, basi. Tishu huambuliwa, ikabandikwa ile ngozi ya juu tu yenye picha.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," huwatania. "Hapa atakula mapovu."

Lakini karatasi ya leo si tishu. Mwenyewe ni mshonaji wa mtaa wa pili, mjane. Marehemu mumewe alikuwa fundi rangi wa majumba, na ndege huyo alimchorea mkewe kwa kalamu za rangi za watoto, alipokuwa amelazwa. Kila akiifungua, karatasi inachanika zaidi. Ndipo akaomba ibandikwe kwenye sanduku la cherehani, aione kila siku bila kuigusa.

Siku ya kwanza, Mama Gundi aliigusa pembe kwa ncha ya brashi yenye unyevu. Wekundu ukatapakaa papo hapo. Akarudisha mkono.

Alimshauri mshonaji watoe nakala, wabandike hiyo. Mwenzake akatikisa kichwa.

"Dada, mume wangu hakuishika nakala," akasema. "Kama ni kuharibika, iharibikie mikononi mwako, si kwenye mkoba wangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima raha. Angegombezwa, anasema, angepumua. Kuaminiwa ndiko kulikomlemea.

Akaanza kujaribu kwa michoro ya wajukuu, iliyochorwa kwa kalamu za aina ile ile. Wa kwanza uligeuka tope. Wa pili ulinywa vanishi, ukabaki kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta. Msusi wa jirani ndiye aliyempa kopo lake la dawa ya kupuliza nywele. Mama Gundi akaupulizia mchoro mwingine kwa mbali, akaacha ikauke, akarudia. Huo wa tatu ukashika, rangi isitapakae.

Sasa anampulizia ndege mwenyewe. Anangoja. Anapaka gundi nyepesi kwenye mbao, si kwenye karatasi, kisha anamlaza, akikandamiza kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje. Povu la hewa linatokea chini ya bawa. Analisukuma taratibu mpaka linatoka. Kwenye ncha ya bawa hilo, wekundu umetambaa upana wa uzi.

Anakaa chini. 

Mchana mshonaji anapofika, Mama Gundi anamweleza kosa kabla ya kufunua. Mjane anainama, anatazama kwa muda mrefu.

"Huyu bwana hakuwahi kupaka ukuta asivuke mstari," anasema hatimaye. "Nilikuwa nikimgombeza."

Anaondoka na kifuniko kifuani, ameusiwa asikiweke juani. Mama Gundi hatulii: hajui rangi itadumu miaka mingapi.

Hata hivyo, watu wameanza kuulizia, mmoja ana kadi ya harusi ya wazazi wake. Mpango wa Mama Gundi ni kununua dawa yake mwenyewe ya kupuliza, na kutenga siku moja ya wiki kwa karatasi za namna hii.

"Woga haujanitoka," anasema, akiosha brashi. "Ila wasisubiri zichanike. Waniletee zingali nzima, niwe na pa kuanzia."