Mwulize Ananywesha Wapi

Nakumbuka asubuhi moja ya jilaal, ule msimu wa ukavu ambao hata mbuzi wa mjini hugombea kivuli na watu. Nilikuwa kijana, mkalimani wa mahakama katika mji mmoja huku kwetu Kaskazini Mashariki, na suruali yangu ilikuwa na mkunjo niliouweka kwa pasi ya makaa kila siku kabla ya chai. Mwanangu, mkunjo ule naukumbuka kuliko kesi nyingi nilizotafsiri. Niliamini kwamba mtu aliyezaliwa na Kisomali, kisha akasomea Kiswahili mpaka kikamkaa, hana la kufundishwa tena. Wewe umeajiriwa juzi kuwa afisa wa probesheni, na shati lako nimeliona. Kwa hiyo keti kidogo.

Siku hiyo aliletwa kijana anayeitwa Nuur, mchunga ngamia kutoka upande wa Griftu. Alikuwa amegombana na mwenzake, Issack, kuhusu nani aanze kunywesha kisimani, na katika ugomvi huo akamvunja mkono kwa fimbo. Hakukana. Alisema ndiyo, nilimpiga.

Hakimu alikuwa mtu wa Dauni Kenya, kama tunavyopenda kuwaita wale waliotoka bara, na hakuwa mtu wa kukimbilia jela. Alisema angependa kumpa kifungo cha nje, yaani abaki kwao, aifanyie jamii kazi bila malipo na awe chini ya uangalizi. Lakini kwanza afisa wa probesheni athibitishe kwamba anakaa mahali panapojulikana na kwamba kuna watu watakaomwangalia. Kama hakuna, alisema, basi ni jela.

Mama yake Nuur, mjane, alikuja kwa lori la mifugo. Alikuwa amewaacha ngamia na mabinti zake wadogo, na kisima chao ni kirefu, hakitekwi na mtoto. Aliniambia maneno machache tu pale kwenye kibaraza: akifungwa mwanangu, ngamia hawafiki mvua. Nilimwona kama shahidi, na mashahidi nilikuwa nimeshawazoea.

Tukaingia kwa afisa, Bi Mutheu, mama wa Kikamba aliyekuwa amehamishiwa kwetu karibuni. Alikuwa na huruma, ila huruma yake ilipitia kinywani mwangu. Alikuwapo pia Mzee Dekow, mwangalizi wa kile kisima, ambaye ndiye adeer wa Issack, ndugu wa baba yake. Sote tulidhani amekuja kuhakikisha aliyemvunja mkono mtoto wa ndugu yake anafungwa.

Bi Mutheu akauliza, "Nyumbani kwenu ni wapi?"

Nikamtafsiria Nuur. Akafikiri, akajibu kwa Kisomali kwamba wao wanafuata mvua. Mwaka jana walikuwa karibu na mpaka, mwaka huu wako huku, mwaka kesho Mungu ndiye ajuaye.

Mimi nikageuka kwa afisa na kusema, "Hana makao maalum."

Maneno hayo yalinipendeza mno. Nilikuwa nimeyasikia kwa wakili mmoja wiki ile ile na nilikuwa nikitafuta pa kuyatumia. Tena hayakuwa uongo, na ndiyo maana nakusimulia habari hii badala ya nyingine nyingi zilizo mbaya zaidi. Bi Mutheu akashusha kalamu. Akasema anasikitika, lakini mtu asiye na makao hawezi kumpendekeza, kwa sababu hata kesho tu hatajua amtafute wapi. Nikamtafsiria Nuur. Mama yake alikaa chini pale pale sakafuni, bila kelele, kama mtu aliyechoka na safari.

Ndipo Mzee Dekow akainuka na kuniacha kando kabisa. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mifugo, lakini alikitumia mwenyewe.

"Madam, samahani," alisema. "Hii swali si msuri. Mtu ya ngamia hana nyumba ya mawe. Uliza yeye swali ingine. Uliza nanywesha wabi."

Bi Mutheu akanitazama. Nikauliza kwa Kisomali, "Unanywesha wapi?"

Nuur akajibu kabla sijafunga mdomo. Alitaja kisima, akamtaja babu yake aliyekichimba pamoja na babu yake Issack, akaonyesha hata upande wa hori la kunyweshea wanaposimama ngamia wao.

"Umesikia?" Mzee Dekow akamwambia afisa. "Bale ndiyo kwao. Mvua ikinyesha anaenda mbali, kweli. Wakati hii ya jilaal lazima anarudi. Ngamia yake ndiyo italeta yeye. Akitoroka, ngamia nakufa, na yeye habendi ngamia yake nakufa. Mimi niko hapo kisima kila siku. Mimi nachunga yeye."

"Lakini mzee," Bi Mutheu akasema, "aliyevunjwa mkono ni mtoto wa ndugu yako."

"Ndiyo. Na mkono ile hawesi kuteka maji. Wewe nafunga huyu, nani atatekea sisi?"

Bi Mutheu alicheka, akajizuia, kisha akauliza maswali mengine mengi, yote kuhusu kisima. Siku chache baadaye hakimu akampa Nuur kifungo cha nje. Kazi yake ikawa kuzoa mchanga uliojaa kisimani na kulijenga upya hori lililobomoka, chini ya uangalizi wa Mzee Dekow. Wazee nao wakaongeza sharti lao: mpaka mkono upone, Nuur awatekee maji ngamia wa Issack kabla ya wake.

Siku ya uamuzi Mzee Dekow alinikuta nje. Nilitarajia anisifu kwa kutafsiri hukumu ndefu bila kukwama.

"Kijana, wewe ulizaliwa wapi?" aliniuliza kwa Kisomali.

Nikasema nilizaliwa njiani, wakati wa kuhama, na kwamba mama yangu bado yuko na mifugo huko porini.

"Basi ukifika kwake, mwambie hana makao maalum."

Akaenda zake kutafuta lori. Nilibaki pale na suruali yangu. Nilikasirika, nakuambia kweli, kwa sababu neno langu lilikuwa sahihi na nilijua lilikuwa sahihi. Ilinichukua muda kuona kwamba mama yangu nisingemwambia vile hata kwa mzaha, ilhali mama wa mwenzangu nilikuwa nimemwambia.

Baadaye nilifuatana na Bi Mutheu kukagua ile kazi. Nuur alikuwa chini kisimani, maji yakimfika kiunoni, akipandisha ndoo na kuimba ule wimbo wa kunywesha. Issack alikuwa amekaa ukingoni, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akimfokea kwamba ngamia wake wanapewa maji ya matope. Nuur naye akamjibu kutoka chini kwamba asiyependa ashuke ateke mwenyewe. Mama yake Nuur alikuwa kwenye hori akiwapanga ngamia wa nyumba zote mbili. Aliniona, akanipa maziwa. Hakutaja lolote la kule ofisini.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nitaisema wazi ili usije ukadai hukuelewa. Siku hizi mna simu na pikipiki, na hata huko porini utampata mtu hewani. Lakini swali la kwanza bado ni lile lile, na bado linaumiza. Utaletewa mkimbizi wa Hagadera, utaletewa mchuuzi wa Lafey ambaye leo yuko huku na kesho yuko kule. Usikubali kusema hana kwao kwa sababu tu hajajibu ulivyozoea. Tafuta anaporudi akiwa na kiu. Tafuta nani atakosa maji yeye asipokuwepo. Nenda kwa hao ukawasikilize, na kwa aliyeumizwa uende kwanza, usidhani unajua anachotaka. Na mkalimani akimsemea mtu mbele yako, mtazame yule anayesemewa.

Mungu akupe masikio kabla ya maneno. Akujalie uwarudishe wengi kwa mama zao, na mtu asikuulize kamwe kwenu ni wapi ukakosa wa kukujibia. Amin. Haya, nenda, usichelewe kazini. Na mama yako mpigie simu.