Nilivyofuta wake za watu kwa Bash, nikaishia kuchagua Python

Wakuu, mwangaluka.

Haya ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, na aliyeumbuka ndani yake ni mimi. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi niliishia form four, naishi Bariadi, safari yangu ndefu ni mpaka gengeni. Kompyuta yangu kuukuu inatumia Linux, nikajifunzia humo Bash, ile shell ya kuiamrisha kompyuta kwa kuandika, nikajiona mtu.

Mwaka mzima nilikuwa najiuliza: baada ya shell nisome lugha gani ya programu, Perl au Python? Nyuzi zenu nimezisoma zote, nimebishana mpaka na wanaojua. Kuandika? Hata mstari mmoja sikuwa nimeandika.

Msimu uliopita katibu wa chama cha wakulima kule Sapiwi akaniletea orodha ya watakaopewa mbegu za pamba.

"Kuna majina yamejirudia, nitolee."

Dakika mbili tu. Nikapiga sort -u, amri ya kubakiza mstari mmoja kwa kila jina, kwenye safu ya mkuu wa kaya, orodha ikatoka fupi, safi. Nikamtumia katibu, nikaagiza chai kama mkurugenzi.

Asubuhi yake hodi. Ni Mama Doto, mke wa tatu wa mzee mmoja wa Sapiwi, kaja kwa bodaboda.

"Wewe ndiye mwenye kompyuta?"

"Ndiyo mama, karibu."

"Umenifuta. Bi mkubwa yumo, mimi na mwenzangu hatumo. Mvua imenyesha, shamba nimelima, mbegu zinagawiwa kesho. Nipande nini, mawe?"

Nikafungua faili. Kila mke ana shamba lake, ila kwenye safu ya mkuu wa kaya wote wana jina la mume. Mimi Msukuma, mjukuu wa babu mwenye wake wanne, nimewaona hao ni mstari uliojirudia!

Mke wangu akadakia toka jikoni: "Huyo hatoki nje, mama. Atajuaje watu wana nyumba ngapi?"

Watu wa awk, najua mnakuja kusema hata kwenye shell ingewezekana. Kosa si la Bash, ni la kichwa changu. Ila nilitaka kuandika kaya ilivyo: mzee mmoja, ndani yake nyumba tatu, kila nyumba na shamba lake.

Mama Doto akagoma kuondoka. Nikaanza na Perl, maana mlisema ni ndugu wa shell. Akauliza, "Hapo mimi niko wapi?" Nikashindwa kumwonyesha. Alama tupu, kama kuku kapita kwenye unga.

Nikahamia Python. Majina yote nikayaweka kwa Kiswahili: kaya, nyumba, shamba. Nikarun, akasogeza kidole kwenye skrini.

"Mimi nimo. Bi mkubwa na mwenzangu umewapeleka wapi?"

Kweli hawapo! Kila mke nilikuwa namwandika juu ya mwenzake, akabaki wa mwisho. Angenyamaza, angepata mbegu zake akaenda zake. Mimi nisingejua.

"Nirudi peke yangu na mbegu? Nyumbani nitaingilia mlango gani? Rekebisha."

Nikarekebisha. Jioni katibu akapata orodha mpya, wake wote wamerudi. Kesho yake Mama Doto akapiga simu: wote watatu wamepata, wako shambani wanapanda.

Nilichojifunza: msichague lugha kwa ubishi wa humu. Chagua ile ambayo mwenye shamba akikaa pembeni yako anaweza kukukamata. Kwangu ni Python, na sirudi nyuma.

Mliotoka shell mkaenda kwingine, semeni ilikuwaje. Wa Perl mje pia, ila mje na mtu wa kuwasomea.